Kutandaza Nyaya za Mtandao Ndani ya Nyumba ya Mombasa: Kuanzia Mchoro Hadi Majaribio

Tangu mwaka wa 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010, mji huu umekuwa mlango ambao sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya na ya nchi jirani huupitia. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za hapa hapa, kasi inayofika hadi kizingitini hupotea baada ya mita chache, kwa sababu ruta imewekwa kwenye pembe ya sebule na mawimbi yake yanatakiwa kupenya ukuta wa mawe ya matumbawe, kisha ukuta wa pili, kisha slabu ya zege yenye vyuma, kabla ya kumfikia mtoto anayesoma chumbani. Kununua ruta yenye antena nyingi zaidi hakuondoi ukuta. Tiba ya kudumu ni kupeleka kebo hadi kila chumba kinachoihitaji, na kuipeleka kwa namna ambayo haitalazimu ukuta uvunjwe tena baada ya miaka mitano.

Mwongozo huu unamhusu mwenye nyumba anayetaka kuifanya kazi kwa mikono yake, na vilevile yule atakayemwita fundi lakini anataka kujua cha kukagua kabla ya kulipa. Msimamo wangu nautaja mapema, kwa kuwa ndio utakaoongoza ushauri wote unaofuata: fedha ziende kwanza kwenye mabomba na kwenye shaba halisi, ndipo daraja la kebo (Cat5e, Cat6 na kadhalika) lifikiriwe. Katika hewa ya chumvi ya pwani, kebo ya daraja la juu iliyotengenezwa kwa madini hafifu huharibika mapema kuliko kebo ya kawaida ya shaba tupu, na kebo yoyote iliyozikwa ukutani bila bomba haiwezi kubadilishwa.

Kuchora kabla ya kutoboa

Chukua karatasi uchore ramani ya nyumba chumba kwa chumba, ukionyesha milango, madirisha, nguzo za zege, soketi za umeme, na njia za mabomba ya maji. Kisha chagua mahali pa kabati la mtandao, yaani pale ambapo kebo zote zitaanzia. Kila soketi hupata kebo yake yenyewe kutoka kwenye kabati hilo, bila kuungwa njiani na bila kurithishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mahali panapofaa ni pakavu, pana hewa, pana soketi ya umeme karibu, na waya wa mtoa huduma unaweza kufika bila kuizunguka nyumba nzima. Chini ya ngazi, stoo ndogo isiyopakana na bafu, au sehemu ya juu ya kabati la korido, zote hufaa. Jikoni hapafai kwa sababu ya mvuke na mafuta, na veranda inayoelekea baharini haifai hata kidogo, kwani upepo wa kusi huleta chumvi ambayo hula miguu ya soketi polepole mpaka miunganisho ianze kukatika bila sababu inayoonekana.

Baada ya hapo, weka alama mahali pa kila soketi. Katika kila chumba, pitisha kebo mbili hadi mahali pamoja badala ya moja. Gharama ya kebo ya pili ni ndogo ikilinganishwa na jasho la kufungua njia, na siku moja runinga na kompyuta zitataka nafasi kwa pamoja, au kebo moja itapata hitilafu na ya pili iokoe. Usisahau dari: kifaa cha kusambaza Wi-Fi hufanya kazi vizuri zaidi kikiwa katikati ya dari ya korido au ya ukumbi kuliko kikiwa nyuma ya runinga, kwa hiyo kila ghorofa ipate walau kebo moja inayoishia juu. Kama unakusudia kufunga kamera, weka alama chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo mvua haipigi moja kwa moja.

Umbali haupaswi kukupa wasiwasi mkubwa. Viwango vya kimataifa huruhusu mita 90 za kebo iliyofungwa ukutani, pamoja na mita 10 za kebo fupi za kuunganishia kwenye ncha zote mbili, na nyumba chache sana hufikia hata nusu ya urefu huo. Pima njia yote jinsi itakavyokwenda, kupanda na kushuka, kisha ongeza mita tatu kwa kila kebo.

Kununua kebo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hazijaanza. Sokoni kuna kebo ambazo nyuzi zake ni za alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa macho hufanana na shaba, ganda lake limeandikwa daraja lile lile, na bei yake huvutia. Kebo hizo hazikidhi viwango vya kebo za mtandao. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, hukatika inapokunjwa mara chache, na hulegea pale inapobanwa na meno ya soketi. Kwetu sisi wa pwani kuna hasara nyingine kubwa zaidi: mahali uzi ulipokatwa, alumini na shaba hubaki zikigusana wazi, na unyevu wenye chumvi ukiingia kati yake, alumini huanza kuliwa. Muunganisho uliokuwa imara wakati wa kiangazi huanza kuyumba masika yakifika.

Kwa hiyo usiitegemee karatasi ya sanduku peke yake. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lenyewe, kwa kuwa wakati mwingine herufi CCA zimewekwa pale kwa ukubwa mdogo, na herufi hizo maana yake ni alumini iliyopakwa shaba. Omba ukate kipande kidogo, ukwaruze uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, na alumini huonyesha weupe chini ya rangi. Pitisha sumaku pia, kwa maana zipo kebo za chuma kilichopakwa shaba, na shaba haishikwi na sumaku. Uzito nao husaidia, kwani sanduku la mita 305 la shaba halisi ni zito waziwazi kuliko lile la alumini.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha mita ya umeme, na kila fundi wa umeme anayo. Chukua kipande cha kebo cha mita 50, shikamanisha nyuzi mbili za jozi moja (ndani ya kebo kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili) kwenye ncha ya mbali, kisha pima ukinzani kwenye ncha ya karibu. Umeme hapo unasafiri mita 100 za uzi, kwenda na kurudi. Nyuzi nene za kebo nyingi za Cat6 zitakupa karibu omu 7, na nyuzi nyembamba kidogo za Cat5e karibu omu 8.5. Kiwango kinaruhusu hadi omu 9.38 kwa mita 100 za uzi. Ukipata omu 12 au 13, baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, unachoshika si shaba, hata kama muuzaji anaapa.

Kuhusu daraja, Cat5e ya shaba halisi hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na Cat6 huongeza uwezo wa kubeba gigabiti 10 hadi takriban mita 55, umbali unaotosha karibu nyumba yoyote. Napendekeza Cat6 kwa kila kebo itakayoingia ukutani. Cat6A hubeba gigabiti 10 hadi mita 100, lakini ni nene, ni ngumu kukunja, na hujaza bomba haraka. Ndani ya nyumba ya kawaida haihitajiki. Kebo zinazouzwa kwa jina la Cat8 zilibuniwa kwa ajili ya vyumba vya mitambo, umbali wa mita 30 tu, na jina hilo kwenye kebo ya bei rahisi halina maana yoyote kwa mwenye nyumba. Usinunue pia kebo yenye karatasi ya madini ndani kwa kudhani ni bora: karatasi hiyo husaidia pale tu ambapo soketi, paneli na kabati vyote vimeunganishwa ipasavyo na waya wa ardhi, na kazi ikifanywa nusu nusu huleta matatizo ambayo kebo ya kawaida haina.

Jambo la mwisho dukani ni aina ya uzi. Kebo ya ukutani iwe na uzi mmoja mzima ndani ya kila rangi. Kebo fupi za kuunganishia kompyuta na swichi ya mtandao (kifaa kinachougawa mtandao kwa kebo nyingi) zina nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa ili zikunjike bila kukatika, na hizo ni vyema kuzinunua zikiwa zimekwisha kutengenezwa. Kebo itakayopita nje iwe na ganda jeusi la polithini lililotengenezwa kustahimili jua, kwa kuwa ganda la kawaida la kijivu au la buluu hupasuka likichomwa na jua la hapa.

Mabomba na kuta

Kwa nyumba inayojengwa, zungumza na fundi wa umeme kabla ya lipu, na kwa dari za zege kabla slabu haijamwagwa. Agiza mabomba ya plastiki ya milimita 25 kutoka kwenye kabati hadi kila kituo, yakiwa tofauti kabisa na mabomba ya umeme. Bomba halipaswi kujazwa zaidi ya asilimia 40 ya nafasi yake, na kwa kebo ya Cat6 yenye unene wa milimita 6 hiyo ni sawa na kebo tano katika bomba la milimita 25, au tatu katika lile la milimita 20. Tumia kona pana za kupinda taratibu, usitumie elbo kali za maji, na usiweke kona zaidi ya mbili za nyuzi 90 kati ya boksi moja na jingine. Kila bomba libaki na kamba ya nailoni ndani yake hata baada ya kebo kupita, ili atakayekuja baadaye apate pa kuvutia.

Kwa nyumba ya matofali ambayo imekwisha kupigwa lipu, kuna njia mbili: kukata mfereji ukutani au kupitisha kebo juu ya ukuta ndani ya mkondo wa plastiki wenye kifuniko. Ukikata, fuata kanuni ya kawaida ya ujenzi kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Katika ukuta wa sentimita 15 hiyo inakuacha na sentimita 5 kwa wima na sentimita 2.5 tu kwa mlalo, na kwa hiyo bomba la milimita 25 halina nafasi ya kwenda mlalo. Panda wima hadi karibu na dari, safiri huko juu, kisha shuka wima kwenye chumba kingine. Usiguse nguzo wala boriti za zege. Kabla ya kutoboa, hakikisha unajua nyaya za umeme zinapita wapi, na uzime umeme kwenye swichi kuu kwa muda wote wa kutoboa.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye ukumbi wa kati na vyumba pande zote mbili, ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Mkondo mmoja wa plastiki uliopita juu ya ukuta wa ukumbi, kutoka mlango wa mbele hadi uani, unavifikia vyumba vyote kwa tundu moja tu la kila chumba. Weka kabati mwanzoni mwa ukumbi, upande usiopakana na uani, kwa sababu uani ndiko kuliko na moshi wa jikoni na maji ya kufulia.

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zinahitaji heshima zaidi. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zina unene wa karibu nusu mita. Ndizo kuta zinazoua Wi-Fi kabisa, na ndizo pia zinazobomoka zikipigwa vibaya. Usikate mfereji kwenye kuta hizi. Lipu ya chokaa huachana na jiwe kwa mtikisiko, na pengo ulilokusudia liwe la sentimita tatu huwa la sentimita thelathini. Tumia mkondo wa juu ya ukuta, uufiche kwenye kona ya dari au kando ya boriti za mikoko, na usizitoboe boriti zenyewe. Pale unapolazimika kuvuka ukuta, toboa kwa drili inayozunguka bila kugonga, ukianza na tundu jembamba, na ukitobolea kila upande hadi katikati ili lipu ya upande wa pili isiporomoke. Ukiziba tundu, tumia chokaa na mchanga. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, kisha ukuta hutoa unga mweupe na lipu inayolizunguka tundu hudondoka. Epuka kabisa kuta zenye vidaka na nakshi. Kumbuka vilevile kwamba Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, na jambo lolote litakalobadilisha sura ya nje ya nyumba linahitaji kupelekwa kwanza kwa ofisi ya uhifadhi. Kebo inayoning'inia mbele ya roshani iliyochongwa ni aibu ambayo nyumba hizo hazistahili.

Katika nyumba ya aina yoyote, kebo ya mtandao isipite ndani ya bomba moja wala boksi moja na nyaya za umeme wa volti 240. Hilo ni suala la uhai kabla ya kuwa suala la kasi, kwa maana ganda la umeme likichubuka, volti 240 zitafika kwenye kompyuta na kwenye mkono wa anayeishika. Zikienda sambamba kwa umbali mrefu, ziachane walau sentimita 20. Zikikutana, zivukane kwa pembe mraba. Mota za pampu ya maji na za viyoyozi zipewe nafasi kubwa zaidi.

Tundu la kutokea nje literemke kidogo kuelekea nje, na kebo ining'inie kwa kitanzi chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kitanzi yasifuate kebo hadi ndani. Mvua za masika huja na upepo wa kusi, kwa hiyo ukiweza kuchagua, toboa ukuta usioelekea upepo huo. Ziba kwa silikoni pande zote mbili.

Kuvuta kebo

Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila kebo kabla ya kuivuta, kwa wino usiofutika, na uiandike namba hiyo hiyo kwenye mchoro. Fanyeni kazi wawili: mmoja anasukuma na kunyoosha, mwingine anavuta. Kebo haipaswi kuvutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 11 hivi, kwa sababu mvuto mkali hurefusha jozi na kuvuruga misokoto yake, na madhara hayo hayaonekani kwa nje. Kebo ikikwama, rudi nyuma utafute sababu. Unga wa talki hulainisha njia vizuri. Mafuta ya kupikia na sabuni ya maji visitumike.

Kebo isikunjwe kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya mara nne ya unene wake, yaani karibu milimita 25 kwa Cat6. Kebo iliyopata fundo kali haiponi kwa kunyooshwa. Kata kipande hicho au uvute kebo nyingine. Acha sentimita 30 kwenye kila boksi la ukutani na mita moja na nusu kwenye kabati. Kwa kufunga mafungu, tumia kanda za kitambaa zinazonata badala ya vibano vya plastiki vinavyokaza, maana kibano kilichokazwa hubonyeza jozi na kuathiri kasi. Chini ya mabati joto la mchana ni kali sana, kwa hiyo kebo zinazopita huko zilazwe karibu na dari, mbali na bati lenyewe, zikiwa ndani ya bomba, ambalo pia huzikinga na meno ya panya.

Kumalizia kwenye soketi

Kebo ya ukutani inapaswa kuishia kwenye soketi ya RJ45 chumbani na kwenye paneli ya soketi ndani ya kabati. Kubana plagi moja kwa moja kwenye kebo ya ukutani nakuruhusu kwa kamera na kwa kifaa cha Wi-Fi cha darini tu, na hata hapo ununue plagi zilizotengenezwa kwa uzi mzima.

Menya ganda kiasi cha sentimita tano kwa kifaa cha kumenyea, ukikagua kwamba hakuna uzi uliochubuliwa. Kata kiungo cha plastiki kinachozitenganisha jozi katikati ya Cat6. Kila soketi ina rangi zilizochorwa kwa mpangilio wa A na wa B. Yote miwili ni sahihi, na sharti ni kwamba ncha zote mbili zifuate mmoja. Mimi napendekeza B. Kwenye plagi, kuanzia mguu wa kwanza hadi wa nane, mpangilio wa B ni nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Kwenye soketi, fuata rangi zilizochorwa juu yake, kwa kuwa watengenezaji hupanga meno kwa namna tofauti.

Siri ya kazi nzuri ipo kwenye misokoto. Kila jozi imesokotwa kwa kipimo chake ili kelele ya umeme inayougusa uzi mmoja iuguse na mwenzake kwa kiasi kile kile, na kifaa kinachopokea kiweze kuiondoa. Ukifungua misokoto sentimita nne kwa sababu ya urahisi wa kupanga rangi, umeiondoa kinga hiyo pale pale ambapo nyuzi zimebanana zaidi. Kiwango kinaruhusu milimita 13 tu. Leta ganda hadi mgongoni mwa soketi, weka kila uzi kwenye jino lake ukiwa bado umesokotwa hadi ukingoni, kisha usukume kwa kifaa maalumu ambacho hubana na kukata mabaki kwa pigo moja. Bisibisi hupanua meno na kuacha mguso hafifu, na mguso hafifu ndiyo nafasi ambayo chumvi huingilia. Funika soketi kwa kifuniko chake, na soketi isiyotumika uizibe kwa kizibo cha plastiki.

Kabati, umeme, na jengo la nje

Ndani ya kabati kunakaa paneli, swichi, ruta, na kifaa cha mtoa huduma. Kama utatumia kamera au vifaa vya Wi-Fi vya darini, nunua swichi yenye PoE, ambayo hupeleka umeme na data kwa kebo moja. Kiwango chake cha kwanza hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Hapa tena alumini hudhuru, kwa sababu ukinzani wake hugeuza sehemu ya umeme huo kuwa joto ndani ya ukuta. Soketi mpya ya umeme ya kabati ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini. Betri ndogo ya akiba inayotosha kuendesha ruta na swichi ni ununuzi wa busara, na kabati liwe na matundu ya hewa.

Kupeleka mtandao hadi kwenye nyumba ya mlinzi au jengo la uani ni jambo la peke yake. Majengo mawili yenye waya wa ardhi tofauti yasiunganishwe kwa shaba ikiwa kuna njia nyingine, kwani radi inayopiga karibu huzua tofauti kubwa ya volti kati ya ncha mbili na kuunguza vifaa vya pande zote. Tumia kebo ya fiber, inayobeba mwanga badala ya umeme, ndani ya bomba jeusi la plastiki lililozikwa sentimita 45 au zaidi, pamoja na vigeuzi viwili vidogo kwenye ncha zake. Ukilazimika kutumia shaba, iwe kebo ya nje iliyojazwa jeli dhidi ya maji, yenye vizuia radi vilivyounganishwa na ardhi pande zote mbili. Mchwa hawachagui, kwa hiyo kebo isizikwe bila bomba.

Kujaribu kabla ya kufunga

Jaribu kila kebo kabla ya mfereji kuzibwa na vifuniko kufungwa. Kifaa cha bei nafuu chenye taa nane kitakuonyesha uzi uliokatika, uliopishana, au uliogusana na mwingine. Hakitakuonyesha jozi zilizochanganywa, yaani pale ambapo miguu yote minane inafika mahali pake lakini nyuzi mbili zinazofanya kazi pamoja hazijasokotwa pamoja. Taa zote zitawaka na kebo bado itasumbua, na ndiyo maana rangi hukaguliwa kwa macho kwenye ncha zote mbili.

Kisha unganisha kompyuta mbili zenye uwezo wa gigabiti kupitia kebo hiyo na swichi, utazame kasi iliyokubaliwa. Ikisema megabiti 100 badala ya gigabiti 1, karibu kila mara sababu ni jozi ya buluu au ya kahawia, kwa kuwa gigabiti huhitaji jozi zote nne, na megabiti 100 hutosheka na jozi za miguu 1, 2, 3 na 6. Rudi kwenye soketi, usukume upya nyuzi hizo. Ikikubali gigabiti 1, endesha iperf3, programu ya bure ya kupima kasi, kwa dakika kumi. Kebo nzuri hutoa karibu megabiti 940 kwa sekunde bila kuyumba. Kasi inayopanda na kushuka huku taa zote zikiwa sawa ni dalili ya misokoto iliyofunguliwa mno, ya jozi zilizochanganywa, au ya kebo iliyobonyezwa njiani.

Kazi ikipita majaribio, piga picha za kila ukuta ungali wazi, ukiwa umeweka futi kando ya bomba ili vipimo vionekane, ndipo uruhusu lipu. Mchoro wenye namba za kebo ubandikwe ndani ya mlango wa kabati, na nakala yake ikae pamoja na hati za nyumba. Masika ya kwanza yakipita, fungua soketi za kuta za nje na za upande wa bahari, utazame kama kuna kutu ya kijani kwenye miguu au unyevu ndani ya boksi, na palipo na dalili hiyo badilisha soketi, kata sentimita chache za ncha ya kebo, na uzibe upya tundu linaloingiza maji.